Isale Ndani ya Bahasha

Uccle, Brussels
19 Januari 2025

Mdogo wangu Elitruda,

Nakusalimu kwanza, halafu nitakugombeza.

Mimi mzima, magoti tu ndiyo yanalia kwa baridi. Mwanangu Agape naye mzima, kazi inamla. Mwanawe Chloé ana mwaka na nusu sasa, mashavu kama maandazi yaliyoumuka. Mimi hilo jina la Chloé halinikai mdomoni. Namwita Ndeshi, kama mama yetu, na anaitika. Wewe presha yako inaendaje? Nehemia mwanao na mkewe wanakutunza? Na nyumba yangu unaifungua madirisha kila Jumamosi kama nilivyokuagiza, au unangoja popo wahamie?

Sasa kukugombeza. Krismasi nimepiga simu, umenijibu "ndiyo dada, ndiyo dada" kama mtoto wa kipaimara mbele ya mchungaji. Najua sababu. Simu ni ya Agape, anaiweka mezani inapiga kelele nyumba nzima. Mazungumzo ya dada wawili hayasikilizwi na mtoto tuliyemwogesha kwenye karai. Ndiyo maana naandika. Darasa langu la nne linatosha, wewe usiyeweza kusoma mwandiko wangu vaa miwani. Barua hii ataipeleka posta Maman Viviane, Mkongo wa Bukavu mwenye saluni karibu na Porte de Namur, anakosukwa Agape. Kiswahili chake kimevunjika miguu yote, "muntu" huku, "mutoto" kule, katikati anatupia Kifaransa, bon na alors, lakini moyo wake umenyooka. Jibu kwa anwani yake, nimeiandika nyuma ya bahasha. Kwa Agape usijibu.

Waambie kina mama wa usharika kwamba Aikande anakaa Uccle, mtaa wa mabalozi, ghorofa ya nne. Maji ya moto yanatoka ukutani. Jiko halina moshi wala majivu. Miti imejaa kuliko kwetu Mwika, ila haizai hata parachichi moja, imesimama tu kama walinzi wa benki. Takataka zao zina sare kama wanafunzi: mfuko mweupe, wa buluu, wa njano, na mabaki ya chakula mfuko wa rangi ya chungwa. Ganda la ndizi nililitia kwenye wa buluu, Agape akalitoa kwa vidole viwili kana kwamba nimetia nyoka. Na ndizi yenyewe! Wanauza ndefu, ngumu, zimesafiri mbali kuliko mimi. Nilipika mtori kwa zile nikapata gundi. Ndizi zetu za mshare hawazijui kabisa.

Yote haya nayavumilia kwa sababu ni miezi mitatu tu, na inaisha. Tiketi yangu ni tarehe 6 Februari. Fagia ua. Mtu yeyote asilale kwenye nyumba yangu, sitaki kukuta harufu ya mtu.

Ni mimi dada yako,
Aikande


Mwika
27 Februari 2025

Dada yangu Aikande, shikamoo.

Barua yako imefika baada ya wiki tano. Mwandiko wako niliujua kabla sijafungua, herufi zimeegemeana kama wanaume wanaotoka kunywa mbege. Miwani nimevaa.

Mimi sijambo, presha inapanda na kushuka kama kawaida yake. Nehemia mzima. Mkewe mzima. Kwaya ya kina mama imepata sare mpya ya zambarau, wote tunafanana na biringanya.

Tarehe 6 ulinitajia kabla hujaondoka, kwa hiyo nilifagia ua bila kungoja barua, nikapika mtori wa mshare, nikangoja. Hukuja. Tarehe 8 Agape akanipigia simu, akasema umeahirisha mwenyewe kwa sababu umepapenda. Nikashukuru Mungu. Kaa, dada. Kula jibini. Huku jua ni kali, kahawa imetoa maua kidogo sana, na barabara ni vumbi. Hakuna unachokikosa, kwa hiyo usiwe na haraka.

Nyumba yako ni salama. Lile dirisha la chumbani linalogoma kujifunga nimelitia kabari. Na panya wa darini amekufa, ile mbio yake ya alfajiri imekwisha.

Msalimie Agape. Mbusu mtoto.

Mdogo wako,
Elitruda


Uccle
6 Aprili 2025

Elitruda,

Mbusu mtoto! Tangu lini sisi tunabusu? Umeanza kutazama tamthilia.

Tu wazima. Ndeshi ameota meno mawili mapya na anamuuma kila mtu isipokuwa mimi. Agape amekonda. Anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, anawanyanyua, anawaogesha, anawalisha kwa kijiko, akirudi jioni hana mkono wa kunyanyua hata kikombe. Nilimuuliza, "Watoto wao hao wazee wako wapi?" Akasema, "Wapo, mama, wana kazi." Nikamwambia, "Na wewe una kazi ya kuwa mtoto wao." Hakucheka.

Habari ya kuahirisha ni kweli, niliahirisha. Nimeona nimsaidie mpaka Pasaka ipite. Tuyaache hayo.

Sikia kilichonipata, na usiwasomee kina mama wa usharika. Jumatano nilimfunga Ndeshi mgongoni kwa mbeleko, nikashusha mfuko wa takataka. Nyuma yangu mlango ukajifunga wenyewe, tap! Milango ya huku ina akili mbaya, ukitoka bila ufunguo wewe ni mgeni. Na ufunguo ni mmoja, anao Agape. Kuchonga wa pili lazima mwenye nyumba aandike barua, na Agape kila siku anasema wiki ijayo. Basi nikakaa kwenye ngazi za ghorofa ya tatu, mbele ya mlango wa mzungu mmoja, bibi wa makamo yangu, anaitwa Madame Claudine. Mtoto akakojoa. Zulia la mlangoni la watu, chapa chapa.

Mlango ukafunguka. Yule mama akatazama zulia, akatazama mimi, akaanza kuongea haraka haraka. Kifaransa sikijui, lakini kugombezwa nakujua kwa lugha zote. Nikatafuta la kufanya. Pembeni ya lifti, Elitruda, kuna isale. Isale kabisa, kama la mpakani kwetu, ndani ya chungu cha udongo! Toka nifike nilikuwa najiuliza wanalindia mpaka wa nani, lifti na ukuta? Nikaenda nikachuma jani, nikalifunga fundo la kuombea msamaha kama alivyotufundisha mama, nikarudi nimepiga goti, nikampelekea kwa mikono miwili.

Hapo ndipo alipopiga kelele hasa. Lile isale ni lake! Amelilea miaka ishirini, analifuta vumbi kwa kitambaa. Nimemwomba msamaha kwa mali yake mwenyewe. Ni sawa na kumwibia mtu mbuzi, halafu ukampelekea supu.

Mwishowe akaona nashika ukuta ili niinuke, akatuingiza ndani. Tukakaa mpaka saa kumi na moja jioni, yeye na Kifaransa chake na mimi na Kiswahili changu, kahawa nyepesi kama maji ya kusuuzia kikombe. Akanionyesha picha za watoto wake. Watatu. Akahesabu kwa vidole siku wanazokuja kumwona kwa mwaka. Mkono mmoja haukujaa.

Agape aliporudi alikasirika. Anasema nisitoke peke yangu. Sawa. Madirisha ya huku ni makubwa, naona kila kitu.

Aikande


Mwika
11 Mei 2025

Dada, shikamoo.

Umenichekesha mpaka nimekaa chini. Isale la mwenyewe! Sikuwasomea kina mama wa usharika. Nilimsomea mmoja tu.

Masika mwaka huu hayana huruma. Bati la jikoni lilianza kuvuja upande wa kuni, nikazihamishia upande wa pili, na sasa moshi unazunguka kushoto, unaingia machoni. Mgomba wa mwisho kule mpakani umeanguka, lakini masale yamesimama.

Uliniuliza habari za Nehemia. Mzima, dada. Mtu mzima na nyumba yake, tumwache.

Pasaka imepita. Hukusema unakuja lini, nami sikuulizi, maana mtu akipata raha haulizwi atatoka lini. Nafikiri ungekaa hata mpaka Krismasi. Au ile nyingine. Mtoto anakuhitaji, na sisi huku tumezoea.

Mdogo wako,
Elitruda


Uccle
22 Juni 2025

Mdogo wangu,

"Tumezoea." Umeniandikia hivyo mimi! Ningekuwa karibu ningekufinya sikio.

Leo sisalimii sana. Tu hai. Ndeshi ana mafua.

Nilikudanganya. Sikuahirisha. Tarehe 5 Februari nilifungasha begi, nikalisimamisha mlangoni, nikavaa viatu kesho yake asubuhi. Agape akaketi mbele yangu na sare yake ya kazi. "Mama, nimebadilisha tiketi. Mtu wa kumshika mtoto sijapata. Mwezi mmoja tu." Nikasema sawa, mwezi ni mwezi. Mwezi ukaisha. Nikamwomba pasipoti niitazame tu, kama mtu anavyotazama picha yake. Akasema, "Ipo kazini, kwenye kabati langu, ina kufuli, ni salama." Salama dhidi ya nani, Elitruda? Dhidi ya mwenye jina lake?

Na sasa ile ruhusa ya miezi mitatu imeoza siku nyingi. Agape anasema nikitoka polisi wataniuliza karatasi. Kwa hiyo sitoki. Zamani sikutoka kwa ajili ya ufunguo, sasa sitoki kwa ajili ya karatasi. Nasimama dirishani na mtoto, tunahesabu tramu. Nimejua mbwa wote wa mtaa huu kwa nyakati zao. Mimi niliyekuwa naamka kabla ya jogoo, nikate majani ya ng'ombe, nimwagilie, niende kanisani, nirudi nigombane na jirani, sasa safari yangu ndefu ni kutoka jikoni hadi sebuleni, hatua kumi na nne. Jikoni kwenyewe hakuna hata majivu ya kuzoa.

Maman Viviane alikuja Jumamosi kumsuka Agape hapa nyumbani. Agape alipoingia bafuni kuosha nywele, yule mama akaninong'oneza: "Maman, uko unakaa mu nyumba siku yote, unafanya nini? Nani amekufunga?" Nikamwambia sijafungwa. Akanitazama. "Bon. Muntu mwenye kurudia kwao, njia haikosekane. Sema na mutoto yako." Nilipiga domo kwamba mimi ni mama wa nyumba, nitatoka siku nitakayo. Lakini alipoondoka nilikaa chini.

Na usidhani namchukia. Agape analia akidhani sioni. Akikosa mtu wa kumshika mtoto atakosa kazi, akikosa kazi karatasi zake mwenyewe zinatetereka, na baba wa mtoto yuko Ujerumani na mwanamke mwingine. Hilo hajawahi kukwambia kwenye simu. Mimi nimefungwa naye, na yeye amefungwa na kitu kingine, na kamba zote zimeshikwa na mtoto asiyejua kuvaa soksi.

Sasa nakutuma. Kule mpakani, chini ya ule mgomba unaosema umeanguka, kuna isale tulilolipanda na marehemu mume wangu mwaka aliozaliwa Agape. Wana umri mmoja. Kata jani, lifunge fundo, ulilaze ndani ya barua, ulitume kwa Maman Viviane. Kwa Viviane, nasema! La Madame Claudine halifai, limezaliwa dukani, halimjui mtu.

Najua utakachosema: mzazi hampelekei mtoto isale. Mtoto ndiye humletea mzazi. Najua, usinifundishe, mimi ndiye niliyekufundisha. Lakini maneno yangu yote nimemwambia Agape, hayakufungua kabati. Nitampigia goti mtoto wangu kwa isale, nimwombe aniachie. Isale halikataliwi. Hata Ulaya halikataliwi.

Fanya haraka. Na usimwambie mtu kwamba Aikande anapiga goti.

Dada yako


Uccle
17 Agosti 2025

Elitruda,

Isale limefika. Sitakwambia asante.

Jumapili iliyopita nilikuwa namenya viazi. Agape akaja jikoni amevaa khanga. Agape, anayevaa suruali hata kanisani! Akapiga magoti kwenye vigae, mikono miwili mbele, na mikononi jani la isale limekauka limefungwa fundo. Nililijua fundo. Ni wewe tu unayefunga kushoto.

Akasema, "Mama, nimekukosea. Nimekufichia pasipoti, nimekudanganya habari ya mwezi mmoja. Naomba msamaha. Na naomba unikalie mpaka Januari, Chloé aanze chekechea. Huku wanawachukua wakiwa na miaka miwili na nusu. Mpaka Januari tu, mama."

Kisu kikabaki kwenye kiazi. Mtoto aliyezaliwa mwaka mmoja na isale lile, amelishika isale lile. Ningefanya nini? Ningesema sipokei? Mama yetu alisamehe mtu aliyemuulia ndama, kwa jani dogo kuliko hilo, na hakulitaja tena mpaka anakufa. Nikalipokea. Nikamwambia inuka, magoti yako utayahitaji ukizeeka. Akanikumbatia akalia mpaka khanga yangu ikalowa begani. Na mimi, Elitruda, nilikuwa nimesimama kama mtu aliyefungiwa mlango wa pili kwa funguo alizoagiza mwenyewe.

Baadaye nikaokota bahasha kwenye mfuko wa njano wa takataka za karatasi. Mwandiko wako. "Agape", na anwani ya hapa. Humo ndani hakukuwa na barua yangu wala salamu zangu. Nilikuagiza kwa Viviane mara mbili, nikaandika na "nasema". Wewe si mtoto, hukukosea.

Nikaenda kwenye begi nikatoa barua zako, nikazisoma zote mbili kwa pamoja, kama mtu anayepepeta. Dirisha linalogoma kujifunga ni usiku tu ndipo linagoma, kwa upepo. Panya anayekimbia alfajiri anasikiwa na aliyelala chini yake. Moshi unaingia machoni mwa anayepika. Mtu anayekuja Jumamosi kufungua madirisha haumizwi na moshi.

Nijibu jambo moja. Unalala kwenye kitanda changu?

Aikande


Mwika
14 Septemba 2025

Dada yangu, shikamoo. Shikamoo tena.

Ndiyo.

Tangu wiki moja baada ya wewe kuondoka. Unakumbuka siku ya matanga ya mume wangu ulinivuta nyuma ya nyumba ukaniambia, "Elitruda, usimkabidhi Nehemia nyumba ungali unapumua. Mpe shamba alime, funguo kaa nazo." Nikakujibu una wivu kwa kuwa wewe huna mtoto wa kiume. Nikampa funguo mwezi uleule. Mkewe alianza kwa kuhamisha kitanda changu karibu na stoo, halafu ndani ya stoo, pamoja na mahindi. Akaweka kufuli kwenye kabati la sukari. Siku moja nikamsikia akimuuliza Nehemia, "Huyu ataondoka lini?" Nehemia hakumjibu. Nilimngoja amjibu, dada. Nilikaa kwenye gunia la mahindi nikangoja. Nikasikia amewasha redio.

Nikachukua shuka zangu, nikaenda kufungua madirisha yako. Sikurudi. Watu nikawaambia dada ameniomba nilinde nyumba. Wananiheshimu kwa hilo. Mlinzi wa nyumba ya Aikande wa Ulaya.

Kila barua yako ilipofika nilitafuta tarehe kwanza, kabla ya salamu. Nikikuta hujasema unarudi lini, nilikula nikashiba. Mungu anisamehe, wewe ulikuwa unahesabu tramu na mimi nilikuwa nashiba. Ulipoagiza isale nilikata jani, nikaliweka kwenye Biblia siku nne. Halafu nikampigia simu Agape, nikamuuliza, "Mama yako akiondoka utafanyaje?" Akalia. Nami nikalia. Tulilia kila mtu kwa lake, na hakuna aliyemwambia mwenzake. Nikamwambia jani linakuja kwako, wahi. Anayetangulia na isale ndiye anayesikilizwa.

Sikuweza kukuomba nafasi. Ungesema, "Nilikwambia." Na kweli ulinambia.

Ndani ya barua hii kuna jani jingine. Ni la isale lilelile. Nimefunga fundo kulia, kama unavyofunga wewe, ili ujue nimefikiri. Shuka zako nimezifua. Nitahama kabla hujafika, usiniulize wapi.

Elitruda


Uccle
26 Oktoba 2025

Mdogo wangu Elitruda,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, maana kwa jina langu mwenyewe bado nina hasira.

Ndeshi mzima. Amejifunza neno, "hapana", na analisema kwa sauti yangu kabisa, Agape amechoka nalo. Madame Claudine ameanguka bafuni, mkono umevunjika, mimi ndiye ninayemfutia lile isale vumbi. Mtoto wake wa pili alikuja siku moja. Kidole kimeongezeka.

Jani lako nililipata kwa Viviane. Safari hii umejua anwani. Nililishika asubuhi nzima, mtoto akiwa amelala mapajani, nikamkumbuka mama alivyotuambia tukiwa wadogo, mimi na wewe tumekaa kwenye kinu: huwezi kuja na isale mkono mmoja, mkono wa pili umeshika mbuzi wa watu. Kwanza mweke mbuzi chini.

Basi Agape aliporudi nikamwekea chai, nikamwambia, "Mwanangu, ulileta isale nikalipokea. Kosa limekwisha, silitaji. Sasa kama limekwisha, pasipoti yangu inafanya nini kwenye kabati lako?"

Akasema, "Mama, ukiipata utaondoka."

Nikamwambia, "Huenda. Lakini mtu aliyesamehewa hashiki mbuzi."

Kesho yake jioni akaiweka mezani, karibu na bakuli la mtoto, na ufunguo wa pili juu yake. Nikaifungua nikatazama picha yangu. Nilikuwa na mashavu. Nikaifunga kwenye pindo la khanga, na mpaka ninavyoandika ipo hapo, inanichoma mbavu nikiinama.

Ile siku nilishuka ngazi peke yangu, nikatembea hadi kituo cha tramu, nikakaa kwenye benchi. Kila mwenye kofia nilidhani ni polisi. Tramu nne zikapita. Nikarudi nikafungua mlango kwa mkono wangu, nikamwambia Agape akate tiketi ya tarehe 20 Januari. Akauliza kwa nini isiwe kesho. Nikamwambia, kubakizwa na kubaki si kitu kimoja. Nitampeleka Ndeshi chekechea siku ya kwanza, nimvalishe soksi mwenyewe, ndipo nije. Uwanja wa ndege wakiniuliza kwa nini nimekaa sana nitawaambia wamuulize mtoto.

Sasa wewe. Jani lako nimelipokea. Kwa hiyo mdomo wangu umefungwa juu ya habari ya nyumba, juu ya kitanda, juu ya bahasha, na juu ya yale niliyokwambia siku ya matanga. Silitaji hata moja, hata nikitamani, na natamani sana. Umenikomoa. Lakini isale halikunifunga juu ya jiko. Ni mjinga gani anahamisha kuni upande unaoziba upepo? Na bati limevuja tangu Mei hujamwita fundi. Na aliyeniharibia mbegu za maharage kwenye ule mtungi mwaka juzi ni nani? Hayo yote tutayasema moja moja, uso kwa uso, na yatatuchukua miaka.

Umesema utahama kabla sijafika. Thubutu. Nikikuta hupo nitamgombeza nani?

Kitanda cha dirishani ni changu. Kile kingine kitoe kwenye stoo yangu, kipigwe msumari mguu wa nyuma, kikae ukutani. Mtori upike wa watu wawili.

Ni mimi,
Aikande